Ngumi Iliyobaki Hewani

Mikiki ya kwanza ilikuja kwa mashini ya sarafu,
kabati jeusi linalonuka plastiki iliyoungua,
Mwembe Tayari, nyuma ya fundi viatu.
Jina lake halisi lilikuwa la Kijapani;
sisi tukaliita Mikiki, likakaa.
Wapiganaji wanane tu, tukawabatiza:
Kichwa Sufuria, Bi Kishoka,
na yule Mrusi, Baba Kreni,
kwa vile alinyanyua watu kama makontena ya Kilindini.

Ya pili ilileta teke la kuzunguka.
Madole gumba yakaota sugu.
Ustadhi alipoyakagua madrasa
alidhani ni ya kalamu, akatusifu.

Ya tatu.
Hapa ndipo penye maneno.
Kaseti ya kunakili, kibanda cha Mbwarali, Majengo,
televisheni iliyozidi kijani
hata kila mpiganaji akaonekana mgonjwa wa nyongo.
Fainali: Twalibu na Shekue.
Zawadi: soda mbili, na mtaa.
Mimi nilikuwa mlangoni, wasichana hawakuingia,
chupa ya siki niliyotumwa mkononi.
Raundi ya mwisho. Damu ya Twalibu, uzi mmoja mwekundu.
Ya Shekue, uzi.
Bi Kishoka akaruka, ngumi mbele,

stima ikapotea.

Kibanda kizima: aaa!
Mbwarali akawasha kibatari,
akakitazama kioo cheusi kama daktari mbele ya maiti.
"Hakuna mshindi. Kesho mrudie. Leo mlipe."

Kesho yake mtu aliandika mlangoni kwa chaki:

    Ngumi hewani ni nyundo, tangu kushuka kwa giza,
    Haijaleta kishindo, wala haijaumiza,
    Miaka yenda kwa mwendo, nasi tungali twawaza,
    Stima ndiyo yajua, nani aliyemuweza.

(Miaka gani? Ilikuwa siku moja.
Lakini aliyeandika aliona mbali.)

Walirudia. Twalibu akashinda; Shekue akasema hiyo si ile.
Wakarudia. Wakalipa. Wakarudia.

Mikiki ya nne waliiharibu wenyewe:
walimtoa Bi Kishoka, bila tanzia.
Wavulana wakasusa, Mbwarali akakosa wateja,
ndipo akaniambia, "We Mwanamkuu, ingia."
Nikaingia. Nikawapiga wote
kwa Kichwa Sufuria, ambaye hakuna aliyemtaka.

Ya tano ilikuwa na kina,
mtu aweza kumzunguka mwenziwe akamwona kisogo;
tukapata kichefuchefu kama abiria wa feri.
Ya sita sijaiona kwa macho, na anayesema aliicheza Mombasa
mwulizeni kaseti yake iko wapi.
Ya saba ikaingia kwenye simu, vitufe vya kuchora,
unapiga kioo wala hakikurudishii kitu.

Mwaka huu ya nane.
Bi Kishoka karudi, ana mvi upande mmoja,
anauzwa mbali, kama kitoweo.

Nilimnunua. Kisha nikaenda kwa mjane wa Mbwarali,
nikanunua na ile mashini ya tatu, pamoja na vumbi lake.
Harusi ya binti Twalibu, Kibokoni, chumba cha nyuma:
wazee wawili wameazimana miwani,
Shekue ametoka zamu ya kreni, bado na buti.
Hawakufika hata raundi ya pili.
"Bi Kishoka alikuwa wangu mimi!"
"Wako? Wewe ulikuwa Mrusi!"
"Mimi? Mrusi?"
Pilau likapoa.

Mimi nikanyamaza, kama nilivyonyamaza kwa miaka ishirini na sita.
Maana aliye mlangoni huona pande mbili.
Usiku ule, ngumi ilipokuwa hewani,
niligeuka nyuma kutazama giza la mtaa,
na duka la Mpemba lilikuwa linawaka,
na msikiti ulikuwa unawaka,
na mkono wa Mbwarali, polepole,
ulikuwa unashuka kutoka kwenye swichi.